Jinsi ya kuitambua beji ya kofia ya jeshi la Mwingereza

Kwenye mtoto wa meza ya cherehani ya shangazi yangu kule Muheza, chini ya vifungo na vibobini vyenye uzi uliooza, ilikuwamo beji ya shaba yenye ukubwa wa kutosha kuziba kiganja cha mtoto. Shangazi aliifuta kwa upindo wa kanga, akanikabidhi. "Hii ya babu yako, mwanangu. Alirudi nayo kutoka Bama."

Bama ndiyo Burma, Myanmar ya leo. Babu alikuwa askari wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la askari wa Kiafrika. Hilo wote nyumbani tunalijua. Lakini beji ilikuwa na mzinga umekaa juu ya gurudumu, taji juu yake, na riboni mbili zenye maneno ambayo si Kiingereza wala Kiswahili. Jina la kikosi halikuwapo popote. Niliigeuza mara kumi nisijue pa kuanzia, na kosa la kwanza nililolifanya nitalieleza hapa chini ili wewe usilirudie.

Mwongozo huu ni kwa yeyote aliyeachiwa kitu kama kile, au aliyekiokota shambani wakati wa kulima, au anayeonyeshwa na mchuuzi anayeapa kwamba ni "ya vita vya Mjerumani" na anataka pesa nyingi. Beji ya kofia husomwa kwa utaratibu: kutoka juu kwenda chini, kisha unaigeuza mgongo. Ukiruka hatua, picha ya katikati itakuvuta upande usio wake.

Kabla ya yote: usiisugue

Mimi niliisugua ile beji kwa limau na majivu, kama tulivyofundishwa kusafisha masinia ya shaba. Iling'aa kweli. Kesho yake nikagundua kwamba rangi ya kahawia iliyokuwa imejikusanya ndani ya herufi kwa miaka mingi imeondoka, na kingo za taji zimelainika. Rangi ile ndiyo ingenisaidia kutofautisha shaba ya zamani na iliyotengenezwa juzi. Hairudi.

Tumia maji ya vuguvugu, sabuni kidogo isiyo kali na mswaki laini. Kausha kwa kitambaa, kisha iache mahali pakavu usiku kucha. Ikiwa ina kutu ya kijani, chokoa taratibu kwa kijiti cha mbao, si kwa sindano wala kisu. Dawa za kung'arishia za dukani ziache kabisa. Askari wenyewe walizitumia kila siku, ndiyo maana beji nyingi zimefutika nyuso, nawe hupaswi kuiendeleza kazi hiyo.

Kisha ipige picha mbele na nyuma, kwenye mwanga wa dirishani na si wa taa, ukiwa umeweka rula pembeni. Andika urefu na upana kwa milimita. Na kabla hujamaliza, muulize aliyekupa: ilikutwa wapi, nani alikuwa nayo, ilikuwa pamoja na vitu gani? Mwandike kwa maneno yake mwenyewe, hata kama unadhani amekosea. Beji utaweza kuisoma mwaka ujao. Shangazi huenda mwaka ujao hatakuwapo.

Hakikisha kweli ni beji ya kofia

Jeshi la Mwingereza lilipenda madini mwilini: kofiani, kwenye kola, begani, kwenye mkanda, kwenye vifungo. Beji ya kofia kwa kawaida ina kimo cha sentimita 4 hadi 5. Za kola ni ndogo zaidi, na zilivaliwa mbilimbili. Kama ni mnyama, mara nyingi mmoja anatazama kulia na mwenzake kushoto. Ukiwa na herufi tupu zilizopangwa kwenye mstari, kama KAR ya shaba, hiyo ni ya begani. Ua la majani matatu bila taji mara nyingi ni la skauti, wala si la jeshi.

Kwa sisi wa Tanga, Bagamoyo, Tabora na kwingineko Mjerumani alikokaa, kuna jambo moja zaidi. Askari wa Mjerumani walivaa tarbushi lenye tai wa madini mbele. Tai huyo ametandaza mabawa, na Mwingereza hahusiki naye. Vilevile ukiona maneno "Gott mit uns" kwenye bamba la mkanda, hayo ni ya Kijerumani. Usihangaike kuyatafuta kwenye orodha za vikosi vya Uingereza.

Taji ndilo kalenda

Hapa ndipo pa kutulia. Chukua kioo cha kukuzia na uangalie taji peke yake, kana kwamba sehemu nyingine ya beji haipo.

Taji lina mikono miwili inayopanda kutoka kwenye ukingo wa chini na kukutana juu, penye tufe dogo na msalaba. Angalia mikono hiyo inavyopinda. Ikipanda moja kwa moja ikafanya mgongo wa duara, kama kuba la msikiti, hilo ndilo linaloitwa taji la Mfalme. Lilianza kutumika baada ya Malkia Victoria kufariki mwaka 1901 na likaendelea chini ya Edward VII, George V, Edward VIII na George VI, mpaka 1952. Vita vyote viwili vikuu vimo ndani ya miaka hiyo, kwa hiyo beji nyingi zilizobaki Afrika Mashariki zina taji hili.

Mikono ikipanda, ikatengeneza mabega mawili, halafu ikabonyea katikati pale msalaba ulipokaa, hilo ni taji la Malkia. Swali linalofuata ni malkia yupi. Victoria alitawala hadi 1901, na Elizabeth II alianza 1952, ingawa beji zake zilianza kusambaa 1953 na kuendelea kwa sababu maghala yalikuwa bado yamejaa za zamani. Taji la Victoria huonekana limebanwa na kutanuka kwa upana, na la Elizabeth limesimama zaidi, mabega yake yamejaa. Kama macho yanakataa kuamua, ngoja ufike kwenye mgongo wa beji, maana huko utapata jibu.

Angalizo la siku hizi: tangu Mfalme Charles III ashike kiti mwaka 2022, jeshi la Uingereza limerudi kwenye taji la kuba. Beji mpya kabisa inaweza kuwa na taji linalofanana na la babu zetu. Ikiwa inameta, haina mkwaruzo, na muuzaji anasema ni ya 1914, mwangalie vizuri.

Si kila taji ni la mfalme. Lipo taji dogo lenye manyoya matatu ya mbuni yanayochomoza ndani yake, na chini maneno ya Kijerumani "Ich Dien", yaani natumikia. Hiyo ni alama ya mwana wa mfalme anayeitwa Prince of Wales, na iko kwenye vikosi kadhaa. Lipo pia taji lenye umbo la ukuta wa ngome. Na zipo beji zisizo na taji lolote. Hizo utazipatia umri wake kwa njia nyingine.

Baadhi ya beji hubeba herufi za mfalme zilizofumana katikati. Hapo umepata bahati. VR ni Victoria. GR ikiwa na V ni George V, 1910 hadi 1936. GR ikiwa na VI ni George VI, hadi 1952. ER ikiwa na VII ni Edward VII, 1901 hadi 1910, na ER yenye II ni Elizabeth. Beji ya wahandisi wa kijeshi, Royal Engineers, imezungushiwa shada la majani na katikati ina herufi hizo, hivyo ni rahisi sana kuipa miaka. Ukiona ER yenye VIII, tulia. Edward VIII alitawala chini ya mwaka mmoja tu, ndani ya 1936, na kwa sababu ni adimu na ghali, watu wamezighushi nyingi.

Picha ya katikati

Kila picha ina historia nyuma yake, lakini picha moja inaweza kuwa ya vikosi kumi. Kwa hiyo picha inakupa ukoo, na maneno ndiyo yatakupa jina.

Tuanze na baragumu, kwa sababu linatuhusu. Ni pembe iliyopinda, yenye kamba zilizofungwa juu yake. Mwingereza alilitumia kwa askari wepesi wa miguu na askari wa bunduki, wale waliotangulia mbele ya jeshi na kuitana kwa mlio wa pembe badala ya ngoma. King's African Rifles, ile Keya yetu, ilikuwa kikosi cha bunduki, na alama yake ni baragumu pamoja na namba ya batalioni. Iliundwa tarehe 1 Januari 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Afrika ya Kati, Uganda na Afrika Mashariki. Batalioni ya 1 na ya 2 zilikuwa za Nyasaland, ya 3 ya upande wa Kenya, ya 4 na ya 5 za Uganda, na ya 6 ilianzia Somaliland, kisha baadaye ikawa ya Tanganyika. Mwaka 1961 hiyo ya 6 ndiyo iliyozaa Tanganyika Rifles.

Lakini usione baragumu ukapiga kelele "Keya!" Angalia kilichomo kati ya kamba na kilichoko juu. Herufi DLI zenye taji juu ni Durham Light Infantry. KSLI ni ya Shropshire. Baragumu lenye taji la ngome juu na neno "Jellalabad" ni la Somerset. Na lipo baragumu tupu kabisa, halina herufi wala taji, ambalo ni la Oxfordshire and Buckinghamshire Light Infantry. Hilo la mwisho limewasumbua wengi kwa sababu wanadhani limevunjika.

Kitu cha duara kinachotoa miali ya moto juu, ambacho watu wa kwetu hukiona kama chungu kinachofuka au nanasi, ni bomu la mkono la zamani, lile lililowashwa kwa utambi. Hubebwa na vikosi vinavyoitwa Fusiliers na pia Grenadier Guards. Soma kilichochorwa kwenye tumbo la bomu, maana tofauti iko hapo. La Royal Fusiliers lina waridi ndani ya mkanda. Batalioni yao ya 25 ilishuka Mombasa Mei 1915, na ilikuwa na wawindaji na wasafiri kadhaa waliokwisha kuijua Afrika.

Simba aliyesimama juu ya taji, na waridi chini yake, ni kikosi cha Loyal North Lancashire. Batalioni yake ya 2 ndiyo pekee ya Waingereza wa jeshi la kudumu miongoni mwa wanajeshi wapatao 8,000 walioletwa kutoka India kuishambulia Tanga. Vita vile vilipiganwa kati ya tarehe 2 na 5 Novemba 1914, na Mjerumani, akiongozwa na Lettow-Vorbeck, aliwarudisha majini. Wazee wa Tanga bado wanasimulia nyuki waliowavamia wapiganaji siku ile. Kwa hiyo simba wa namna hiyo akifukuliwa mjini Tanga, uwezekano wa kuwa amelala hapo tangu 1914 ni mkubwa, na mwenye shamba anastahili kuambiwa hivyo.

Waliobaki katika jeshi lile la Tanga wengi walikuwa Wahindi, na beji zao zinafuata kanuni nyingine. Vikosi vya India vilitambulika kwa namba, na namba hizo zilipangwa upya mwaka 1922. Bomu la moto lenye namba 101, kwa mfano, ni la 101st Grenadiers, ambao walipigana palepale Tanga. Kwa upande wa Waingereza wenyewe, askari wa miguu waliachana na namba mwaka 1881 na kuchukua majina ya mikoa yao. Ndiyo maana beji ya Kiingereza yenye namba ya kikosi cha miguu bila jina huwa ya kabla ya mwaka huo, ila usiitumie kanuni hii kwa beji ya Kihindi.

Sfinksi, yaani simba aliyelala mwenye kichwa cha mtu, walipewa waliopigana na Wafaransa Misri mwaka 1801. Iko kwa Gloucestershire, Lincolnshire, South Wales Borderers, Lancashire Fusiliers na wengineo. Hadithi ya Gloucestershire naipenda kuliko zote. Kwenye mapigano ya Alexandria walizungukwa mbele na nyuma. Safu ya nyuma ikageuka, wakapigana wakiwa wamepeana migongo. Tangu hapo wakaruhusiwa kuvaa sfinksi mbili, kubwa mbele ya kofia na ndogo nyuma. Ukipata sfinksi ndogo sana ndani ya shada la majani, isiyofaa kuwa ya mbele, fikiria hao kwanza.

Ngome yenye ufunguo ni ya waliolinda Gibraltar. Chui milia mwenye neno "Hindoostan" ni Leicestershire. Farasi anayeruka na neno "Invicta" ni Royal West Kent. Kuhusu swala, tenganisha wawili: swala mzima aliyesimama, mwenye mnyororo shingoni, ni Royal Warwickshire, kichwa cha swala peke yake ndani ya duara, chenye maneno ya Kiingereza na Kiholanzi yanayosema umoja ni nguvu, ni cha Afrika Kusini. Askari wa Afrika Kusini walikuja huku kwa maelfu mwaka 1916, kwa hiyo swala huyo wa pili ndiye mwenye uwezekano zaidi wa kupatikana Moshi au Kilosa.

Na kifaru? Kichwa cha kifaru kilikuwa alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopigana Bama mwaka 1944. Hicho kilikuwa kitambaa cha kushonwa kwenye mkono wa shati, hakikuwa cha kofia.

Maneno: mengi si jina

Kosa la kila anayeanza ni kuchukua maneno marefu zaidi yaliyo kwenye beji na kuyatafuta kama jina la kikosi. "Honi soit qui mal y pense" ni Kifaransa cha zamani, maana yake aibu imshukie anayewaza mabaya. Ni kauli ya nishani ya kifalme ya Garter, yaani mkanda wa mguuni, na imeandikwa kwenye mkanda wenye kifungo unaozunguka beji nyingi mno. "Dieu et mon droit" ni ya nembo ya kifalme yenyewe. Zote mbili hazikwambii kikosi.

Jina, likiwapo, hukaa kwenye riboni ya chini kabisa. Na jina nalo lina umri. "Loyal North Lancashire" ilibadilika 1921 ikaitwa The Loyal Regiment, kwa hiyo simba wetu wa Tanga mwenye jina la kwanza ni wa kabla ya hapo. Herufi ASC, za kikosi cha uchukuzi na mahitaji, ziliongezewa R ya "Royal" mwaka 1918. Norfolk walipata "Royal" 1935, Leicestershire na Lincolnshire 1946. "Welsh" ya Royal Welsh Fusiliers iliandikwa kwa s mpaka 1920, kisha ikawa "Welch" kwa c. Herufi moja inaweza kukupunguzia miaka ishirini.

Hapa ndipo beji ya babu ilipofunguka. Riboni ya juu ya mzinga ilisema "UBIQUE", na ya chini "QUO FAS ET GLORIA DUCUNT". Ni Kilatini. Ya kwanza maana yake kila mahali; ya pili, huko haki na utukufu vinakotuongoza. Ni maneno ya Royal Artillery, kikosi cha mizinga. Vikosi vingine huandika majina ya vita walivyopigana, lakini mizinga ilikuwapo karibu kila vita, kwa hiyo mwaka 1832 walipewa neno moja la kusimama badala ya orodha yote. Wahandisi nao wanalo neno hilo hilo, lakini hawana mzinga. Na ukikuta mzinga ambao mahali pa "UBIQUE" pana tawi la majani tu, hao ni askari wa akiba wa mizinga, ambao hapo mwanzo hawakuruhusiwa kulivaa neno hilo. Zipo zenye gurudumu linalozunguka ukilisukuma kwa kidole; ya babu limeganda.

Geuza mgongo

Mgongo hauna urembo, na ndiyo maana unaaminika kuliko uso.

Kwanza tazama inavyoshikwa. Vitanzi viwili vya waya, kimoja kila upande, ndiyo njia ya zamani. Vilipitishwa kwenye matundu ya kofia na kuzuiwa kwa kotapini upande wa ndani. Beji nyingi za Victoria ni za vitanzi, ingawa vitanzi viliendelea kutumika kwenye baadhi ya beji baadaye. Ulimi mmoja mrefu wa shaba, uliolehemiwa nyuma ukishuka chini wima ili uchomekwe kwenye kofia, ulienea mwanzoni mwa karne ya 20. Taji la Malkia lenye ulimi linakuelekeza kwa Elizabeth, na lenye vitanzi juu ya shaba nzito iliyochakaa linakuelekeza kwa Victoria. Vijibamba viwili vyembamba vya kukunja hupatikana sana kwenye beji za maofisa za bronzi, zile nyeusi-kahawia ambazo hazikukusudiwa kung'aa, na kwenye za plastiki.

Ndiyo, plastiki. Katikati ya Vita Kuu ya Pili shaba ilihitajika kwa risasi na makombora, Waingereza wakatengeneza beji za plastiki za rangi ya kahawia, kijivu au nyeusi. Watu huzitupa wakidhani ni za kuchezea watoto. Ni za kweli, na leo zinatafutwa.

Madini yenyewe yanasema pia. Beji nyingi za kawaida ni za shaba ya manjano, au nyeupe, au zimechanganywa, mfano taji jeupe juu ya mwili wa manjano. Mwaka 1916, kwa ajili ya kubana matumizi, baadhi ya beji za rangi mbili zilitolewa za manjano tupu. Usidhani mtu amepaka rangi. Kuanzia miaka ya 1950 ikaingia alumini iliyopakwa rangi ya dhahabu au fedha: nyepesi kama kifuniko cha soda, na inang'aa bila kusuguliwa. Alumini ya namna hiyo yenye taji la Mfalme wa zamani ni nadra mno.

Tafuta jina la mtengenezaji kwenye ulimi. Gaunt wa Birmingham na Firmin wa London ni majina ya kweli ya watengenezaji wakubwa. Lakini jina peke yake lisikutulize moyo, kwa kuwa jina ni rahisi kulichonga.

Je, imeghushiwa?

Beji halisi ya shaba iligongwa kwa mashine: bamba jembamba likawekwa chini ya chapa ya chuma, likapigwa. Kwa hiyo mgongoni utaona kivuli cha picha ya mbele kimezama ndani, kila kilichoinuka mbele kimebonyea nyuma, na nafasi zilizo wazi kati ya miguu ya mnyama au kati ya kamba za baragumu zimekatwa safi, kingo zake kali. Beji ya kughushi mara nyingi imesubiwa: shaba iliyoyeyuka ikamiminwa kwenye kalibu. Ina uzito usio wa kawaida, mgongo wake ni bapa, uso una vitundu vidogo kama ngozi ya chungwa, herufi zimevimba, na kingoni kuna alama za tupa. Weka kioo cha kukuzia kwenye herufi ndogo kabisa ya riboni. Kwenye iliyogongwa, hata herufi iliyochakaa ina mipaka. Kwenye iliyosubiwa, herufi huonekana kama imeyeyuka.

Kipimo kikali kuliko vyote hakihitaji kioo, kinahitaji kupanga miaka tu. Machine Gun Corps, wenye bunduki mbili za rashasha zilizopishana, waliundwa 1915 wakavunjwa 1922. Hawakuwahi kumtumikia malkia. Royal Flying Corps, kikosi cha ndege, walidumu 1912 hadi 1918. Beji yao yoyote yenye taji la Malkia ni ya uongo, hata kama kila kitu kingine kinapendeza. Kadhalika REME, mafundi wa mitambo, waliundwa 1942. Taji la Victoria juu yao haliwezekani. Mara tu unapopata jina la kikosi, tafuta mwaka kilipozaliwa na kilipokufa, kisha rudi kwenye taji uone kama vinapatana.

Angalia pia ulehemu. Beji yenye uso wa miaka mia halafu ulehemu unaometa nyuma imetengenezwa upya, labda kwa nia njema, labda sivyo. Beji za makomando wa SAS hughushiwa sana, na ukiletewa mojawapo sokoni, bora uiache.

Linganisha, kisha mtafute mtu

Ukishakuwa na taji, picha, jina na mgongo, linganisha na picha za makumbusho: National Army Museum na Imperial War Museum, zote za London, zina mikusanyo inayoonekana kwenye intaneti, na vikosi vingi vina makumbusho yao katika mikoa waliyotoka. Ukiwaandikia, watumie picha ya mgongo pia. Wengi hutuma ya mbele tu.

Kuhusu mtu aliyeivaa, beji ya kawaida haina jina lake. Ikiwa ilitoka ardhini karibu na uwanja wa vita wa 1914 hadi 1918, majina ya waliozikwa kwenye makaburi ya Tanga, Moshi na Dar es Salaam yanatunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Upande wa babu zetu, tume hiyo yenyewe ilikiri mwaka 2021 kwamba askari na wapagazi wengi wa Kiafrika hawakuandikwa majina kama walivyoandikwa Wazungu. Ndiyo sababu nasisitiza yale maelezo ya shangazi. Kwa familia nyingi za kwetu, maneno ya mzee ndiyo rejista pekee iliyopo.

Beji ya babu inasema Royal Artillery, taji la Mfalme, shaba, ulimi. Babu alikuwa Keya, mtu wa baragumu. Bama ilikuwako mizinga ya East African Artillery, na Waingereza wa mizinga walikaa kambi moja na askari wetu miezi mingi. Kwa hiyo huenda alipewa, alibadilishana, au aliokota, na beji haiwezi kunichagulia moja kati ya hayo. Nilirudi Muheza nikamsomea shangazi maneno ya Kilatini. Akanyamaza kidogo, kisha akasema babu alikuwa akimtaja rafiki Mzungu aliyekuwa "mtu wa mizinga," na kwamba rafiki huyo hakuwahi kurudi.

Nimekata kipande cha karatasi ngumu, nikaifunga nayo kwa uzi wa pamba. Nimeandika hivi: "Beji ya kofia, Royal Artillery. Kati ya 1901 na 1952. Ilikutwa kwenye cherehani, Muheza. Kwa maelezo ya binti yake, ililetwa na babu kutoka Bama; rafiki yake alikuwa mtu wa mizinga. Ilisuguliwa kwa limau na mjukuu."